Ombi la Hifadhi Likikataliwa: Ni Lipi Jipya, na Nani Anaruhusiwa Kukusaidia

Mwombaji hifadhi nchini Uingereza anapopokea barua ya kukataliwa, aghalabu hujikuta akisikiliza sauti nyingi kwa wakati mmoja. Jirani humwambia afunge virago. Muumini mwenzake wa kanisani au msikitini humpa namba ya simu ya mtu "anayejua mambo ya Home Office". Ndugu walio mbali humtaka atume ombi jingine kesho yake. Wote husema kwa nia njema, lakini si wote wasemao jambo lililo sahihi, na gharama ya kosa humwangukia mwombaji peke yake: fedha aliyokopa, muda wa rufaa uliopita, na pengine nafasi yake ya mwisho ya kusikilizwa.

Sehemu hii ya kijitabu imeandaliwa kwa ajili ya mwombaji huyo na jamaa zake. Inaeleza njia ambazo sheria ya Uingereza inaziacha wazi baada ya ombi la hifadhi kukataliwa, masharti ya kila njia, na namna ya kumtambua mtu aliyeruhusiwa kisheria kutoa ushauri. Maelezo haya ni ya jumla. Hayachukui nafasi ya ushauri wa kesi yako. Hata hivyo, msomaji atakayeyafuata hadi mwisho atakuwa na swali moja la kumuuliza yeyote anayetaka kupokea fedha yake: "Ni jambo gani jipya utakaloliwasilisha kwa niaba yangu?"

Kwanza, fahamu umefika hatua gani

Neno "kukataliwa" hubeba maana zaidi ya moja. Kabla ya kuchukua hatua yoyote, soma barua yako, au usomewe na mtu unayemwamini, ili ujue umesimama wapi kati ya hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni uamuzi wa Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo kwenye barua huandikwa Home Office. Wizara ikikataa ombi, kwa kawaida mwombaji ana haki ya kukata rufaa mbele ya Baraza la Ngazi ya Kwanza linaloshughulikia uhamiaji na hifadhi. Muda wa kufanya hivyo ni siku 14 tangu ulipotumiwa uamuzi, wala si tangu siku uliyofungua bahasha. Ukichelewa, unaweza kuliomba Baraza likuongezee muda, lakini ni lazima ueleze sababu ya kuchelewa, na Baraza halilazimiki kukubali. Yapo pia maombi ambayo Wizara huyathibitisha kuwa hayana msingi wowote. Wenye maombi hayo hawapati nafasi ya kukata rufaa wakiwa Uingereza. Barua yenyewe ndiyo inayosema kama una haki ya rufaa au huna.

Hatua ya pili huja endapo jaji wa Baraza la Ngazi ya Kwanza ataitupa rufaa. Mwombaji anaweza kuomba kibali cha kwenda Baraza la Juu, nayo maombi ya kibali yana muda wa siku 14 kwa aliye nchini Uingereza. Hapa si mahali pa kusimulia upya yaliyokupata. Baraza la Juu huangalia kama jaji wa kwanza alifanya kosa la kisheria.

Hatua ya tatu ni pale ambapo rufaa zote zimekwisha, au muda wake umepita bila kutumiwa. Hapo mwombaji huhesabiwa kuwa amemaliza haki zake za rufaa. Wengi hudhani kwamba mlango umefungwa kabisa. Haujafungwa, lakini umebaki mwembamba, na unapitika kwa masharti maalumu. Sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu mlango huo.

Ikiwa bado uko ndani ya siku 14 za rufaa, usisubiri kumaliza kusoma kijitabu hiki. Tafuta mshauri halali leo, kwa sababu rufaa iliyokatwa kwa wakati ina nguvu kuliko karibu kila njia nyingine iliyoelezwa hapa.

Hoja za nyongeza ni nini?

Mtu aliyemaliza rufaa na bado yumo Uingereza anaweza kuwasilisha kwa Wizara maelezo na ushahidi mwingine unaoonyesha kwa nini bado anahitaji kulindwa. Kwenye nyaraka za Kiingereza utaratibu huu huitwa further submissions. Katika kijitabu hiki tunauita "hoja za nyongeza". Umewekwa na aya ya 353 ya Kanuni za Uhamiaji.

Serikali haitozi ada yoyote kwa hoja za nyongeza zinazohusu hifadhi. Kwa hiyo, mtu akikuambia kwamba anahitaji fedha "ya kulipia Home Office" ili hoja hizo zipokelewe, anakudanganya.

Aya ya 353 inaweka vipimo viwili, na ni lazima vyote viwili vitimizwe ili hoja zako zihesabiwe kuwa dai jipya. Kipimo cha kwanza ni kwamba jambo unalolileta halijawahi kufikiriwa na Wizara wala na jaji. Kipimo cha pili ni kwamba jambo hilo, likiunganishwa na yale yaliyokwisha kuwasilishwa, linaleta matarajio ya kweli ya kushinda mbele ya jaji, ingawa ombi la awali lilikataliwa.

Tazama vipimo hivi kwa makini. Jambo linaweza kuwa jipya lakini lisiwe na uzito, kwa mfano barua ya binamu inayorudia yale uliyokwisha kuyasema mwenyewe. Na jambo linaweza kuwa zito lakini lisiwe jipya, kwa mfano kovu ambalo jaji alikwisha kulitazama na kulitolea uamuzi. Mabaraza hufuata kanuni ya muda mrefu kwamba hukumu ya jaji wa kwanza ndiyo mahali pa kuanzia. Jaji wa pili hafungi macho asione yaliyoandikwa na mwenzake, wala haanzi kesi upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayerudi na maneno yaleyale hukutana na hukumu ileile.

Kitu gani huhesabika kuwa kipya?

Kwa kawaida jambo jipya hutoka katika mojawapo ya sehemu nne.

Ya kwanza ni mabadiliko katika nchi uliyotoka: vita vimezuka, utawala umebadilika, au kundi lililokuwa salama sasa linaandamwa.

Ya pili ni ushahidi ambao haukupatikana wakati wa rufaa. Unaweza kuwa hati ya mahakama, rekodi ya hospitali, ripoti ya polisi, au shahidi ambaye hapo awali hakujulikana alipo. Utatakiwa kueleza kwa nini haukuletwa mapema.

Ya tatu ni mabadiliko katika maisha yako mwenyewe tangu uamuzi wa mwisho. Pengine umeshiriki hadharani katika siasa za nchi yako ukiwa ughaibuni, umebadili dini, au umeweza sasa kueleza jambo ambalo aibu au mshtuko ulikuzuia kulitamka mwanzoni. Waathirika wa ubakaji na wa mateso mara nyingi huchelewa kusema. Kuchelewa huko kunaweza kuelezwa na daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na maelezo yake nayo ni ushahidi.

Ya nne ni afya. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza, katika shauri la raia wa Zimbabwe anayeishi na virusi vya Ukimwi, ilieleza kwamba kumrudisha mgonjwa mahututi kunaweza kukiuka haki zake hata kama hatakufa mara moja. Inatosha kuwapo sababu nzito za kuamini kwamba kukosa matibabu kutamletea mateso makali kwa afya yake kudhoofika kwa kasi bila kurudi nyuma, au umri wake kufupishwa kwa kiasi kikubwa. Kipimo hiki kimebaki kuwa kigumu. Ugonjwa wa kawaida hautoshi, na taarifa ya kitaalamu ya daktari ni ya lazima.

Mfano: sababu ya kukataliwa na jibu lake

Mfano huu ni wa kubuni, lakini umejengwa juu ya mambo ya kweli.

Mama mmoja alikimbia Rutshuru, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, kwa kuwahofia wapiganaji. Wizara ilikubali kwamba Rutshuru hakuna usalama, lakini ikamkatalia kwa sababu moja: angeweza kuishi Goma. Mwaka 2023 jaji alikubaliana na Wizara, na rufaa zikaishia hapo.

Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na katikati ya Februari mji wa Bukavu ukafuata. Mtu mmoja katika jamii yao alimwahidi mama huyu kumwandikia "ombi jipya" kwa pauni 900. Alipomwonyesha rasimu, ilikuwa maelezo yaleyale ya Rutshuru, yameongezwa machozi na kupunguzwa tarehe.

Kosa la rasimu hiyo ni kwamba inajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Wizara haikubisha kuhusu Rutshuru. Kilichomshinda mama huyu ni neno "Goma", na kilichobadilika ni Goma. Mshauri anayeijua kazi yake angeanza na barua ya kukataliwa, angeweka kidole kwenye sababu ile, kisha angekusanya taarifa zinazoaminika kuhusu hali ya mji huo baada ya Januari 2025, pamoja na ushahidi wa yaliyowapata jamaa za mama huyu waliokuwa wakiishi humo. Angetazamia pia jibu la Wizara, kwamba basi akaishi Kinshasa. Kwa hiyo angeeleza mapema kama mama huyu ana mtu yeyote Kinshasa, kama anakijua Kilingala, ambacho ndicho lugha ya mji huo, na namna mwanamke asiye na jamaa angeweza kupata makazi na riziki huko.

Hakuna anayeweza kumhakikishia mama huyu ushindi. Lakini hoja za namna hii zinastahili kusomwa, ilhali zile za pauni 900 zingemrudishia jibu lilelile baada ya miezi mingi, huku deni likibaki mezani.

Namna ya kuandaa ushahidi

Anza na jalada lako mwenyewe. Una haki ya kuiomba Wizara nakala ya taarifa zote inazozihifadhi kukuhusu, yakiwemo mahojiano yako. Huduma hiyo ni bure, na kwa kawaida Wizara hutakiwa kujibu ndani ya mwezi 1. Pamoja na jalada hilo, tafuta barua ya kukataliwa na hukumu ya jaji. Bila nyaraka hizi tatu, hakuna mshauri anayeweza kusema kwa uhakika lipi ni jipya.

Kisha zingatia haya:

1. Hati isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kwamba tafsiri ni sahihi, akiweka jina lake, sahihi na tarehe. Hili linahusu pia hati za Kiswahili na za Kifaransa. Ujumbe wa sauti wa simu nao uandikwe kisha utafsiriwe.

2. Hifadhi kila kinachoonyesha hati ilivyokufikia: bahasha yenye muhuri wa posta, stakabadhi ya kampuni ya usafirishaji, ujumbe wa simu wa aliyeituma. Wizara haiwajibiki kuthibitisha kwamba hati ni bandia. Ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba hati hiyo inaweza kutegemewa, na jaji huipima pamoja na ushahidi wote.

3. Usinunue hati. Hati moja ya kughushi ikigunduliwa, huchafua hata zile za kweli, na jina la mwongo halifutiki kwenye jalada.

4. Baki na nakala ya kila kitu unachokikabidhi, pamoja na uthibitisho wa tarehe uliyokikabidhi.

Utaratibu wa kukabidhi hoja umebadilishwa zaidi ya mara moja. Tangu mwaka 2015 waombaji walitakiwa kwenda Liverpool wao wenyewe. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, njia ya barua pepe na posta ikafunguliwa. Kabla ya kukata tiketi ya treni au kutuma chochote, soma maelekezo yaliyopo kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK siku hiyohiyo.

Majibu unayoweza kupata

Wizara ikishapokea hoja zako, kanuni zinaeleza kwamba hutaondolewa nchini kabla hoja hizo hazijafikiriwa. Hata hivyo, kuzikabidhi hakukukingi na kuzuiliwa, wala hakukuondolei wajibu wa kuripoti pale ulipoamriwa.

Jibu la kwanza linaloweza kuja ni kukubaliwa: unapewa ruhusa ya kubaki, na barua itaeleza aina yake, muda wake na masharti yake.

Jibu la pili ni kwamba Wizara inakataa, lakini inakiri kuwa hoja zako ni dai jipya. Watu wengi hulisoma jibu hili kama kushindwa, kumbe limewarejeshea haki waliyokwisha kuipoteza. Una rufaa mpya mbele ya jaji, na siku 14 zinaanza kuhesabika tena.

Jibu la tatu ni kwamba Wizara inakataa na kusema hoja hizo si dai jipya. Hapo huna rufaa. Njia iliyobaki ni kuomba mapitio ya mahakama, yaani kumtaka jaji atazame kama Wizara ilifikia uamuzi wake kwa njia halali. Maombi hayo hufanywa bila kuchelewa, na kwa vyovyote ndani ya miezi 3. Jaji wa mapitio hakupi ruhusa ya kubaki. Anaweza kuiamuru Wizara iamue upya. Ni kazi ya kitaalamu na inaweza kukugharimu fedha nyingi ukishindwa. Usiikubali kabla ya kuelezwa kwa maandishi nani atalipa nini.

Si kila njia ni ya hifadhi

Yapo mazingira ambapo mtu aliyekataliwa hifadhi ana sababu nyingine ya kuomba ruhusa ya kubaki, hasa familia na maisha aliyoyajenga. Mzazi wa mtoto aliyeishi Uingereza kwa miaka 7 mfululizo anaweza kuomba, endapo haitakuwa jambo la busara kumtarajia mtoto huyo aondoke. Mtu aliyeishi nchini miaka 20 mfululizo anaweza kuomba hata kama hakuwa na kibali katika miaka hiyo. Kijana wa miaka 18 hadi 24 aliyeishi Uingereza nusu ya umri wake naye ana njia yake.

Mtoto aliyezaliwa Uingereza na kuishi humo miaka yake 10 ya kwanza, bila kukaa nje ya nchi zaidi ya siku 90 katika mwaka wowote, ana haki ya kuandikishwa kuwa raia, bila kujali hadhi ya wazazi wake. Wapo wazazi ambao wamelipia maombi yao wenyewe mara tatu bila kuambiwa haki hii ya mtoto wao.

Tofauti na hoja za nyongeza, maombi yanayotegemea familia au maisha binafsi peke yake kwa kawaida yana fomu yake na ada yake. Juu ya ada hiyo kuna malipo ya huduma ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Kwa ruhusa ya miaka miwili na nusu, malipo hayo ya afya peke yake ni pauni 2,587 na senti 50. Asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe malipo, na ombi la msamaha hutumwa kabla ya ombi lenyewe. Mshauri anayekutaka ulipe bila hata kukuuliza hali yako ya kipato hajakutendea haki.

Maisha wakati wa kusubiri

Haki za rufaa zikiisha, msaada wa makazi na posho wa mwombaji asiye na watoto husitishwa baada ya siku 21. Familia yenye mtoto aliye chini ya miaka 18 ambayo ilikuwa ikipokea msaada kabla ya rufaa kuisha kwa kawaida huendelea kuupata. Asiye na watoto, ambaye hana mahali pa kulala wala chakula, anaweza kuomba msaada chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya mwaka 1999. Kuwa na hoja za nyongeza ambazo bado hazijajibiwa ni mojawapo ya sababu zinazoweza kukubaliwa. Ombi hilo likikataliwa, kuna rufaa, lakini muda wake ni siku 3 za kazi tu tangu kupokea barua.

Usifanye kazi bila ruhusa, kwa kuwa ni kosa la jinai. Usiache kuripoti kwa kuogopa kuzuiliwa bila kwanza kushauriana na mshauri wako, kwa sababu kutoonekana huandikwa kwenye jalada na huharibu msaada wako pamoja na kesi yako. Ukihama, toa anwani mpya kwa Wizara na kwa mshauri wako. Barua iliyotumwa kwenye anwani ya zamani huhesabu siku zake kama kawaida.

Iwapo baada ya kushauriwa utaona ni heri kurejea kwenu kwa hiari, ipo huduma ya serikali inayogharimia safari. Uamuzi huo ni wako peke yako, nao ufanywe baada ya kuelezwa matokeo yake, kwani ukiondoka hoja zako zitahesabika kuwa umeziondoa.

Nani anaruhusiwa kukushauri?

Chini ya Sheria ya mwaka 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi au huduma bila kuidhinishwa ni kosa la jinai, hata kama ushauri huo ni wa bure. Adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha miaka 2. Walioidhinishwa ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni mawakili wanaosimamiwa na vyombo vya taaluma yao. Kundi la pili ni washauri waliosajiliwa na mamlaka ya serikali ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, na ambayo hapo awali ilijulikana kwa kifupi kama OISC.

Rejista ya mamlaka hiyo iko wazi kwenye intaneti na kuitazama ni bure. Tafuta jina la mtu na jina la ofisi yake, vyote viwili. Tazama pia ngazi yake, kwa kuwa zipo ngazi 3. Mshauri wa ngazi ya 1 haruhusiwi kuendesha kesi ya hifadhi, na ni ngazi ya 3 pekee inayomruhusu mshauri kumwakilisha mteja mbele ya Baraza. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa kweli, na bado asiwe na ruhusa ya kuifanya kazi yako.

Ndugu au rafiki anayekufasiria barua au kukusindikiza ofisini havunji sheria. Tatizo huanza pale anapojifanya mshauri.

Kabla ya kulipa hata senti moja, uliza kama unastahili msaada wa kisheria unaogharimiwa na serikali. Huko England na Wales, kesi za hifadhi, zikiwemo hoja za nyongeza, zimo katika msaada huo kwa watu wa kipato kidogo ambao kesi zao zina nafasi ya kufaulu. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina mifumo yao. Kupata wakili mwenye nafasi kunaweza kuchukua muda, kwa hiyo piga simu kwa ofisi nyingi na uandike tarehe ya kila simu.

Ishara za kukufanya usite

Mfa maji haachi kutapatapa, na matapeli wanalijua hilo. Jihadhari na mtu ambaye:

– anakuhakikishia ushindi, au anadai ana "mtu wake" ndani ya Wizara;
– hataki kuona barua ya kukataliwa wala hukumu ya jaji kabla ya kutaja bei;
– anataka fedha taslimu na hatoi stakabadhi;
– anakupa hadithi iliyokwisha kuandikwa, au anaahidi kukupatia hati;
– anakutaka usaini fomu tupu, au anabaki na hati zako halisi;
– hataki jina lake lionekane kwenye barua zinazokwenda Wizarani.

Mshauri halali hukupa kwa maandishi jina lake, kazi atakayoifanya, kiasi cha malipo na namna ya kulalamika. Hukupa stakabadhi kwa kila malipo na nakala ya kila alichokituma. Naye huweza kukuambia jambo ambalo tapeli halisemi kamwe: "Kwa sasa huna jambo jipya. Hifadhi fedha yako, na tukusanye ushahidi kwanza."

Ukitendewa vibaya

Lalamika kwanza kwa ofisi iliyokuhudumia, kwa maandishi. Malalamiko dhidi ya mshauri aliyesajiliwa, na dhidi ya mtu asiyesajiliwa kabisa, hupelekwa bure kwenye mamlaka iliyotajwa hapo juu. Kwa huduma mbovu ya wakili huko England na Wales, iwapo ofisi yake haikukujibu kwa kuridhisha ndani ya wiki 8, unaweza kwenda kwa Msuluhishi wa Huduma za Sheria, ambaye jina lake la Kiingereza ni Legal Ombudsman.

Wengi hukaa kimya kwa kuona haya, au kwa kuchelea kuitia aibu jamii yao. Lakini malalamiko yana faida nyingine ambayo watu wachache wanaijua. Ikiwa ulipoteza rufaa kwa sababu mshauri alichelewa au aliandika uongo kwa jina lako, Wizara na jaji watauliza ulichukua hatua gani dhidi yake. Anayedai kwamba aliharibiwa kesi bila kuwahi kulalamika haaminiki kirahisi. Mwenye barua ya malalamiko, yenye tarehe na jibu lake, ameshika ushahidi mkononi, na pengine ushahidi huo ndio jambo jipya alilokuwa akilitafuta.